Kwani Kigoma kuna baridi ya kuua mtu? Maswali yenu kwa Mama Nesi

Mwakeye wapendwa. Toleo lililopita niliandika mstari mmoja tu, tena kwa kupita, kwamba hata hapa kwetu mwisho wa reli mtu anaweza kufa kwa baridi. Basi simu yangu haijapumzika. Wengine mmenicheka, kuna mmoja kaniuliza kama nimeanza kuzeeka vibaya. Haya, leo maswali yote ni ya hilohilo, nimeyafupisha kidogo maana baadhi yenu mnaandika kama barua ya posa, na majina nimeyaacha kama kawaida yetu.

Shikamoo mama. Mimi navua dagaa, nashukia Kibirizi. Mama hapo umetupiga kamba, baridi ya kuua si iko Ulaya kwenye barafu, maji ya Tanganyika usiku ni ya uvuguvugu kabisa. Ila kuna kitu kinanisumbua. Mtumbwi wetu ulijaa maji upepo ulivyotubadilikia, tukakaa majini masaa manne hivi tumeng'ang'ania dumu mpaka boti ya wenzetu ikatuona. Mmoja wetu alitetemeka weee, alafu akatulia, tukasema afadhali. Kumbe akaanza kuongea maneno hayaeleweki, anataka kulala tu. Tukampa gongo kidogo tukamsugua miguu. Alipona, ila wazee wanasema alikutana na vitu vya ziwani. Unasemaje?

Marahaba mwanangu, na poleni sana, mshukuruni Mungu na hao wenzenu wa boti. Sasa nikuulize, mama anapopoza uji wa mtoto anafanyaje? Anachukua bakuli la uji wa moto analiweka ndani ya beseni la maji. Maji ya kawaida tu ya mtungini, hayana hata chembe ya barafu, na dakika chache uji umepoa. Bakuli hilohilo angeliacha mezani angesubiri mpaka mtoto alie achoke. Maji yananyonya joto haraka kuliko hewa, kama mara 25 hivi. Wewe ndo ulikuwa uji usiku ule.

Mwili wako ndani una nyuzi 37 hivi. Ziwa letu juujuu linacheza kwenye nyuzi 25, 26, na ukinawa mikono unaona uvuguvugu kwa sababu hewa ya nje usiku imepoa kuliko maji, mkono unadanganyika. Lakini 26 na 37 ni tofauti ya nyuzi 11, na maji hayachoki, yanachukua joto lako usiku kucha na ziwa halitapata moto kwa ajili yako hata kidogo. Saa moja utaona raha, la pili meno yanagongana, la nne ndo hayo uliyoyaona kwa mwenzio. Kwenye maji ya barafu ni dakika tu. Ile meli ya Titanic ilipozama 1912 wengi walikuwa wamevaa maboya wanaelea vizuri kabisa, maji yalikuwa chini ya sifuri, na kilichowamaliza wengi wao ni baridi. Hapa kwetu baridi inakuja polepole, ndo maana hakuna anayeihesabu. Akikutwa mtu ufukweni asubuhi tunasema amezama, basi, imeisha.

Jina la kitaalamu ni haipothemia, yaani joto la ndani ya mwili kushuka chini ya nyuzi 35. Sio kusikia baridi, kusikia baridi tunasikia wote. Kati ya 35 na 32 mtu anatetemeka sana, vidole vinakuwa vizito, hawezi hata kufunga fundo ambalo amelifunga maisha yake yote, na ulimi unakuwa kama wa mlevi. Ikishuka chini ya 32 kutetemeka kunapungua mpaka kunakoma, na hapo ndo akili inaanza kuhama, anaongea mambo yasiyoeleweka, hajui yuko wapi, anataka alale aachwe. Chini ya 28 anazimia, mapigo ya moyo yanakwenda ovyoovyo, ukimgusa utasema maiti.

Sasa lile neno lenu "afadhali" ndo limeniuma kuliko yote. Kutetemeka ni jenereta mwanangu. Misuli inajitikisa ili itoe joto, na jenereta inakunywa mafuta, mafuta yenyewe ni ule ugali mliokula saa kumi jioni kabla ya kuingia ziwani. Yakiisha inazima. Jenereta ya jirani ikizima usiku huwa husemi afadhali, umeme umerudi, unajua imeisha mafuta na giza linakuja. Mtu aliyetoka majini akiacha kutetemeka na bado ni wa baridi, hajapona, amezidiwa. Mtu anayepona kutetemeka kwake kunaisha huku mwili unapata joto, anakujibu vizuri, anataja jina lake na la mama yake, anaomba chakula. Kwa hiyo wazee wetu niwaheshimu, lakini hayo maneno ya mwenzio yalitoka kwenye ubongo uliopoa.

Gongo nayo. Najua, kila mtumbwi una kachupa. Pombe inafungua mishipa ya damu ya kwenye ngozi, damu ya moto inatoka ndani inakuja juu, unasikia joto linapanda shingoni unasema imefanya kazi. Imefanya kazi ya kufungua mlango wa nyumba wakati wa upepo. Joto lililobaki ndani ndo linatoka hivyo, tena pombe inapunguza kutetemeka na kushusha sukari ya damu, kwa maana umeichomoa na plagi ya jenereta. Miguu kusugua pia hapana. Damu iliyo miguuni imepoa sana, ukiisugua au ukiiweka kwenye moto unairudisha kwa kasi kwenye moyo ambao tayari umechoka, na moyo uliopoa ni mwepesi wa kushtuka. Hata kumwambia atembetembee ufukweni apate joto ni kosa, nimeona watu wakifanya hivyo kwa upendo kabisa.

Mngefanyaje? Mlaze chali ndani ya boti, polepole, kama mnabeba mayai. Chini yake tandikeni kitu, nyavu kavu, gunia, chochote, maana ubao uliolowa nao unanyonya. Nguo mbichi zote zivuliwe, aibu mtaionea baadaye, akaushwe kwa kupapaswa na nguo kavu, avikwe chochote kikavu na kichwa kifunikwe. Watu wawili wakavu wavue mashati wamkumbatie kifua na mgongo, alafu turubai lizungushwe juu yenu wote upepo usipite. Joto lianzie kifuani, kwapani na shingoni, mikono na miguu itafuata yenyewe. Kama anaongea vizuri na anameza, mpe chai ya moto wa wastani yenye sukari nyingi au uji. Kama anasinzia usimpe hata tone, itaingia mapafuni. Na mkifika nchi kavu ni moja kwa moja kituo cha afya, hata kama anasema yuko poa.

Kabla ya hayo yote kuna laifu jaketi. Mnalikalia, mnalifanya mto, nawajua. Hilo halikufanyi uelee tu, linakupunguzia kuogelea, na kila ukiogelea unafukuza yale maji kidogo yaliyokwisha kupata joto karibu na ngozi yako. Ukiwa nalo kunja magoti yaje kifuani, bana mikono ubavuni, tulia. Mkiwa wengi kaeni kwa kukumbatiana vifua vigusane. Mtumbwi ukipinduka panda juu yake, hata kama huko juu upepo unakuonyesha baridi zaidi, maji yanakuibia kuliko upepo. Na beba ndoo ya mfuniko unaobana, ndani weka sweta, suruali kavu, kofia na sukari guru au biskuti. Nayo inaelea, usishike dumu tena. Miezi ya kiangazi ule upepo wa kusini ukishaanza mnaujua wenyewe kuliko mimi, giza likiwa zuri la kuvulia na upepo mbaya, dagaa watakuwepo kesho.

Dada nesi mambo. Niko Buhigwe, nina mtoto wa siku sita, alizaliwa na kilo mbili. Huku kwetu usiku ni baridi sana sa hivi. Mama mkwe amekuja kunisaidia, anamuogesha asubuhi na jioni, alafu usiku anaingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga mlango na dirisha eti mtoto asipigwe na upepo. Mtoto miguu yake ni ya baridi muda wote na siku mbili hizi analala mno, ananyonya kidogo anaacha. Naogopa kumwambia mkwe.

Mdogo wangu, ukimaliza kusoma sentensi hii funga mtoto kifuani uende kituo cha afya, leo, usisubiri kliniki. Mtoto mchanga anayelala mno na kunyonya kidogo anaweza kuwa na baridi, anaweza kuwa na maambukizi, anaweza kuwa na sukari iliyoshuka, mara nyingi vinakuja pamoja na kwa macho hatuwezi kuvitofautisha. Mengine utasoma ukirudi.

Umerudi? Haya. Mtoto mchanga hajui kutetemeka. Ile jenereta niliyomwambia mvuvi, yeye hana, ana akiba ndogo tu ya mafuta maalumu mgongoni na shingoni ambayo mwili unayachoma kupata joto, na aliyezaliwa na kilo mbili akiba yake ni kiduchu zaidi. Alafu ngozi yake ni kubwa ukilinganisha na uzito wake, kichwa peke yake ni sehemu kubwa ya mwili. Kwa hiyo kwa mtoto mchanga hatungoji nyuzi 35. Chini ya 36.5 tayari tunasema amepoa, na chini ya 32 ni hatari kubwa sana. Kipimajoto huna nyumbani, una mkono. Gusa tumbo na miguu kwa nyuma ya kiganja chako. Tumbo na miguu vyote vya moto kama wewe, yuko salama. Tumbo la moto miguu ya baridi, anaonewa na baridi, mpe joto sasa hivi. Vyote vya baridi, usipime mara ya pili, mfunge kifuani mwende.

Kumfunga kifuani ndo dawa yenyewe. Mvue, mwache na nepi, kofia na soksi tu, mlaze kifua chake kwenye kifua chako bila nguo katikati, kati ya matiti, kichwa kimegeuka upande, alafu mfunge na kanga iliyobana vizuri na juu yake nguo zako na blanketi. Hospitali wanaita njia ya kangaruu. Haikutoka kwa matajiri. Mwaka 1978 madaktari wa Bogotá kule Colombia walikuwa na njiti wengi na mashine za joto chache, watoto wanabanana, ndo wakaamua vifua vya mama zao viwe mashine. Leo dunia nzima inafanya. Kifua cha baba kinafaa pia, mwambie mwenzio aache kukwepa.

Kuogesha: mtoto akizaliwa asiogeshwe kabla ya masaa 24, anafutwa tu akauke na kuwekwa kifuani. Wa kilo mbili mpaka aongezeke, mfute kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, sehemu kwa sehemu, unafuta mkono unaukausha unaufunika ndo unahamia mwingine, saa za mchana jua likiwa limepanda. Mara mbili kwa siku kwenye beseni huko Buhigwe mwezi wa saba, jamani.

Lakini jiko ndo limenifanya nisimame. Mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, haiwashi macho. Hukohoi. Unasikia kichwa kizito, usingizi mtamu, na mnaweza msiamke wote watatu. Kila baridi ikiingia kuna familia inakwenda hivyo na asubuhi majirani wanavunja mlango. Jiko liwashwe nje, mchemshie maji humo, maji yaingie ndani kwenye chupa zilizofungwa vizuri, kila chupa uifungie kanga mbili na uiweke pembeni ya kitanda kupasha shuka, ukitaka kulala na mtoto unaitoa maana ngozi yake inaungua kabla hujajua.

Kuhusu mkwe. Usimwambie amekosea. Mwambie nesi kasema mtoto anahitaji kifua cha mtu mwenye joto muda wote na wewe peke yako unachoka, kwa hiyo mama naomba unisaidie kumbeba mchana wakati mimi nalala. Mpe kazi yenye heshima kuliko ile ya jiko. Nimetumia mbinu hiyo miaka yangu yote wodini na sijawahi kugombana na bibi hata mmoja, au tuseme niligombana na mmoja tu, na yule alikuwa anatafuta ugomvi tangu getini.

Mama nesi, mi ni bodaboda Kasulu. Juzi nimemshusha abiria mbali usiku, mvua imenipiga njia nzima, karibu na kufika vidole havikamati breki na nilikuwa kama nasinzia. Hiyo nayo ndo yenyewe?

Ndo yenyewe inabisha hodi. Umelowa, upepo wa mwendo wako mwenyewe unakupuliza, hujala, na Kasulu iko juu kuliko Kigoma mjini, ukipanda kila mita 1,000 hewa inapoa kama nyuzi 6 hivi. Kinachoua kwenye barabara sio baridi peke yake, ni breki ambayo mkono haukuikamata. Vidole vikifa ganzi simama hapohapo, ingia kibanda chochote, kanywe chai ya tangawizi na sukari, weka mikono kwapani mpaka vidole vihesabu pesa bila shida, ndo uwashe.

Koti la mvua la kweli, sio la kuzuia vumbi. Ndani usivae pamba tupu, pamba ikilowa inashika maji na kukupoza, tafuta mtumba wa sweta la sufu au yale majaketi ya manyoya laini, yanabaki na joto hata yakilowa. Zamani ningekwambia vaa rambo kifuani, lakini mifuko ile ilipigwa marufuku Juni 2019, basi gazeti, likunje likae kati ya shati na jaketi kifuani, linakata upepo vizuri sana. Na hilo gazeti unaweza kulisoma ukisubiri abiria, angalau mara moja.

Kutetemeka si ndo malaria? Nikitetemeka nanunua dawa duka la dawa namaliza.

Hapana, na nenda kapime. Wa malaria anatetemeka huku mwili unachemka, ukimgusa kifua ni moto, joto lake liko juu ya 38. Wa baridi kifua na tumbo ni baridi. Ila angalia mtego mmoja. Vipimajoto vile vya zamani vya kioo vinaanzia 35, kwa hiyo mtu mwenye 31 kitakuonyesha 35 tu na utasema yuko karibu na kawaida. Mimi yalinikuta nikiwa binti, zahanati moja ya kando ya ziwa, zamu ya usiku, nikiwa peke yangu na taa ya chemli. Wameleta kijana kutoka majini, nimemuweka kipimajoto kwapani, kimegoma kupanda kabisa, ule mstari wa zebaki umelala palepale chini, nami nikakikung'uta nikakirudisha mara tatu nikidhani kibovu. Kilikuwa kizima. Kijana ndo alikuwa nje ya kipimajoto. Vya betri siku hizi vikishindwa vinaandika herufi L. Ukiona hiyo usibadilishe betri, anza kumpa mtu joto.

Shikamoo. Babu yetu Ujiji ana miaka zaidi ya 80, anakaa barazani tangu alfajiri na msuli na shati, ukimuuliza baridi anasema hasikii. Mikono yake kama maji ya mtungi. Tumuache?

Marahaba. Msimuache. Anasema kweli kwamba hasikii, hapo ndo tatizo lilipo. Uzeeni ngozi inachelewa kupeleka habari, misuli imepungua hivyo kutetemeka ni kwa shida, na kama anakula kidogo au ana dawa za presha na za usingizi ndo zaidi. Mzee anaweza kupoa akiwa amekaa kwenye kiti chake bila mvua wala ziwa, ndani ya siku kadhaa. Atakuwa anazubaa, anasahau, sauti nzito, nanyi mtasema uzee.

Ingiza mkono chini ya shati umguse tumbo. Mikono ya baridi ni kawaida, tumbo la baridi sio. Likiwa la baridi na anazubaa, mfunikeni, mpelekeni hospitali, msimuweke karibu na moto na msimuogeshe maji ya moto ghafla, mishipa ikifunguka mara moja presha inaanguka. Kwa siku za kawaida ni kofia, soksi, sweta chini ya kanzu, na uji asubuhi kabla ya salamu za watu barazani. Mtu mzima hapendi kuambiwa vaa. Mnunulieni kofia nzuri, atavaa mwenyewe ili aonekane.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Mwalimu alisema kuna mtu aliganda akafa kisha akafufuka. Ni kweli au alitutania?

Mwalimu wako ana haki. Mei 1999 kule Norway daktari kijana Msweden, Anna Bågenholm, alianguka akiteleza kwenye theluji akaingia chini ya barafu ya kijito, akakwama dakika 80, akipumua kwenye uwazi mdogo wenye hewa mpaka moyo ukasimama. Alipofikishwa hospitali ya Tromsø joto lake lilikuwa nyuzi 13.7. Wakamtoa damu ikapita kwenye mashine ikapashwa joto ikarudishwa, masaa kwa masaa, na moyo ukaamka. Baadaye alikuja kufanya kazi ya udaktari hospitali hiyohiyo.

Siri yake ni kwamba ubongo ulipoa kabla hewa haijaisha, na ubongo uliopoa unahitaji oksijeni kidogo sana. Ziwa letu halina baridi hiyo, kwa hiyo usije ukamwambia mtu kwamba aliyezama Katonga tangu asubuhi atafufuka. Ila kuna jambo linalotuhusu. Mtu aliyepoa sana mapigo yake yanaweza kuwa machache na madogo mno, usiyasikie kwa kidole. Angalia kama anapumua kwa dakika nzima, usiangalie sekunde tano ukaanza kulia. Kama hapumui, bonyeza kifua katikati, kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpokezane, huku mnampeleka. Madaktari wana msemo kwamba hakuna maiti mpaka awe amepashwa joto na bado ni maiti.

Mama, hili naomba lisitoke na jina la kijiji. Huku milimani, upande wa Manyovu, mjomba wangu alitoka kilabuni usiku wa mvua, hakufika nyumbani. Tulimkuta asubuhi amefariki kwenye mgomba, nguo zake amevua zote, shati kule, suruali kule. Ukoo umegawanyika, wengine wanasema amerogwa, wengine wanamtaja jirani kuwa alimvua akamuibia, ingawa pesa zilikuwa mfukoni. Mpaka sasa hatusalimiani na hiyo familia.

Pole sana mwanangu. Nimelisoma swali lako mara nyingi, nikaamua liwe la mwisho maana nilitaka utulie kwanza usome ya wenzako.

Siwezi kusema kilichomuua mjomba wako, sikuwepo na sikumpima. Lakini kuna kitu madaktari wa nchi za baridi wamekiona mara nyingi sana. Mtu akipoa, mwili unabana mishipa ya ngozi ili damu ya moto ibaki ndani. Kubana huko ni kazi, na misuli midogo ya mishipa inachoka. Ikichoka inaachia yote kwa mpigo, damu inamiminika kwenye ngozi, na mtu ambaye ana dakika chache za kuishi anasikia anaungua. Akili imeshachanganyikiwa, basi anavua. Anavua kila kitu, anatupa huku na huku, wengine wanajisogeza wajibane sehemu ndogo, chini ya kichaka, kwenye kona, kama mnyama anayetafuta shimo. Wanakutwa uchi kwenye theluji na polisi wa huko nao zamani walidhani kuna mtu amewavua.

Mvua, upepo wa mlimani, pombe tumboni, usiku mzima. Na pesa mfukoni.

Usiende kulisema hili kwenye kikao cha ukoo, watakuzomea. Anza na mama yako au yule mzee anayesikilizwa, mkiwa wawili tu, umsomee hapa. Na kama waliompima waliandika chochote, ombeni muonyeshwe. Huyo jirani, wewe kamsalimie. Hata kesho.